Mwalimu, wakati huo sisi tulikuwa wapi?

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipelekwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kata mkoani Lindi. Nikapewa Kidato cha Kwanza: watoto wa miaka 13 na 14, darasa limejaa mpaka wengine wanaandikia mapajani. Mada ilikuwa ukabaila. Badala ya kuanza na nyarubanja ya kule Buhaya, nikaona nianzie Ulaya, maana mimi mwenyewe ndiko nilikouelewa ukabaila: mfalme juu, makabaila chini yake, kisha wapiganaji wa farasi, na chini kabisa mtwana anayelima ardhi isiyo yake. Nikachora piramidi. Nikaandika ubaoni kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka, kwamba hayo yote yalikuwa katika Zama za Kati. Watoto wakanakili kimya kimya.

Kipindi kikiwa kinaisha, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili, maana swali lilikuwa linamuwasha: "Mwalimu, samahani. Hizo zama zilikuwa kati ya nini na nini? Na wakati huo sisi tulikuwa wapi?"

Darasa likacheka. Mimi nikajibu maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najisikia vibaya: "Hilo halitoki kwenye mtihani."

Kutoka mjini Lindi mpaka Kilwa Masoko ni safari ya basi ya asubuhi moja. Ukifika pale unapanda mashua, unavuka mkondo, unashuka Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji ambao miaka 700 iliyopita ulijulikana Aden, Oman na India. Jibu la yule kijana lilikuwa hapo jirani, na mimi niliyetoka chuoni nikamfunga mdomo kwa habari ya mtihani.

Mwisho wa wiki hiyo nilikwenda Kilwa. Jumatatu nilirudi darasani, nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake, kisha tukaanza upya. Hapa nakusimulia tulivyofanya. Nakuandikia wewe unayefundisha, wewe unayesoma, na hata wewe uliyemaliza shule zamani ukabaki na picha kwamba miaka elfu moja ya dunia ilikuwa ngome na mapanga ya Ulaya, na kwingine kote watu wamelala.

Kati ya nini na nini?

Tuanze na nusu ya kwanza ya swali, maana lilichekwa bure.

Jina "Zama za Kati" limetungwa na wasomi wa Ulaya. Kuanzia karne ya 14, wasomi wa Italia, Petrarca akiwa mmoja wao, waliitukuza sana Roma ya kale. Kwa macho yao, Roma ilipoanguka kuliingia giza, na wao ndio waliokuwa wakiurudisha mwanga. Kile kipindi kilichokaa katikati ya Roma na wao wenyewe ndicho kilichokuja kuitwa cha kati. Vitabu vingi hukianzisha mwaka 476, mfalme wa mwisho wa Roma ya Magharibi alipoondolewa kitini. Hukimaliza mwaka 1453, Konstantinopoli ilipotekwa na Waturuki wa Osmani, au mwaka 1492, Columbus alipovuka Atlantiki.

Kwa hiyo jibu ni fupi tu: kati ya Roma na watu waliojiona warithi wa Roma.

Sasa hebu jiulize, mtu wa Baghdad hilo linamhusu nini? Mji wake ulianzishwa mwaka 762, na katika karne ya 9 al-Khwarizmi alikuwa pale akiandika kitabu ambacho jina la aljebra limetoka humo humo. Mtu wa China je? Katika karne ya 11, enzi ya Song, watu wa kule walikuwa tayari wanalipana kwa noti za karatasi. Giza lilikuwa la nani?

Sisemi jina tulitupe. Liko vitabuni na mtoto atakutana nalo. Ila mwambie lilikotoka, kisha mhamishie kwenye miaka. Sema "kati ya mwaka 500 na mwaka 1500", halafu uliza swali moja kwa dunia nzima: mwaka fulani ukifika, nani alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini?

Sisi tulifanya hivi. Tulichukua kamba ya mita 10 tukaifunga kwenye nguzo za varanda. Mita 10 ni sentimita 1,000, kwa hiyo sentimita moja ni mwaka mmoja. Mwanzo wa kamba ni mwaka 500, mwisho wake ni 1500. Kila kundi likapewa vipande vya karatasi na vibanio vya nguo. Hesabu ni ya darasa la nne, lakini utashangaa jinsi mtoto anavyobadilika akishika miaka elfu moja mkononi. Umri wa bibi yake unamaliza sentimita 70 tu, na mbele bado kuna kamba ndefu.

Sarafu isiyo na mwaka

Ukishaifunga kamba, usianze na wafalme. Anza na kitu.

Mwaka 1971, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, ilipatikana sarafu ya shaba, ndogo kuliko kizibo cha soda. Juu yake kuna maandishi ya Kiarabu yenye jina: al-Hasan bin Sulaiman. Huyu alikuwa sultani wa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14. Sarafu za shaba za Kilwa haziandikwi mwaka. Jina la mtawala ndilo linalozipa umri. Na zina utamu wake: maneno ya upande mmoja yamepangwa yafanye vina na jina la sultani lililo upande wa pili. Yaani mtu anakwenda sokoni na pesa yenye vina mfukoni.

Nilipitisha kizibo cha soda darasani, kila mmoja akishike, nikauliza: kutoka Kilwa mpaka Zimbabwe Kuu, ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, ni zaidi ya kilomita 1,500. Hakuna basi, hakuna lori. Nani alikipeleka kule kitu kidogo hivi, na alikuwa anafuata nini?

Majibu yalikuja mengi. Mmoja alisema aliyekuwa nacho alipotea njia. Mwingine akasema alipewa na mke wake awe anamkumbuka. Niliyaandika yote ubaoni, maana sarafu moja haiwezi kukuambia imepitia mikono ya nani. Ila binti mmoja alisema: "Mtu haendi mbali hivyo kwa shaba. Alifuata kitu chenye bei." Hapo ndipo tulipoingia kwenye dhahabu.

Kilwa haikuwa na mgodi. Dhahabu ilichimbwa na kuchekechwa kwenye uwanda wa juu wa Zimbabwe, ikashushwa mpaka pwani ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, kisha ikapanda kwa vyombo mpaka Kilwa. Kilwa ikatoza ushuru, ikauza, ikanunua nguo na vyombo vya kaure. Swali ni kwa nini Kilwa. Kwa nini meli za Arabuni na za Gujarat zisinyooshe mpaka Sofala kwenyewe?

Jibu liko kwenye upepo, na hapa mwalimu kaa pembeni kidogo. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto wa nahodha, akaenda ubaoni akaeleza vizuri kunishinda. Kaskazi inavuma takriban Desemba mpaka Machi, inakusukuma kutoka Arabuni na India kushuka kwetu. Kusi inavuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, inakurudisha. Sababu ni joto. Bara la Asia hupoa sana wakati wa baridi kuliko bahari, hewa yake inakuwa nzito na kutiririka kuelekea baharini. Kiangazi cha kule kikifika, nchi kavu inapata joto haraka, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inakimbilia kujaza nafasi. Bahari ni mzito wa kupata moto na mzito wa kupoa, na tofauti hiyo ndiyo iliyoendesha biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne na karne.

Kadiri unavyoshuka kusini, kaskazi inapungua nguvu. Chombo kikifika Kilwa bado kinaweza kuuza, kununua na kurudi na kusi ya mwaka ule ule. Kikiendelea mpaka Sofala, hatari ni kukwama huko mpaka msimu mwingine. Na mfanyabiashara aliyekwama ni hasara tupu. Kwa hiyo wageni waliishia Kilwa, na watu wa Kilwa, wenye vyombo vyao na wanaoijua pwani ya kusini, wakawa ndio kiungo. Mtoto akilielewa hili, amejifunza jiografia, fizikia na uchumi ndani ya dakika 40.

Sentimita saba za kamba

Sasa rudini kwenye kamba, mtafute mwaka 1331. Mwaka huo Ibn Battuta alifika Kilwa.

Huyu alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304. Alitoka nyumbani mwaka 1325 kwenda kuhiji, ana miaka 21, na safari ikanoga. Alishuka kutoka Aden, akapita Zeila na Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa, kisha akapanda tena kuelekea Oman. Baadaye alikuwa kadhi Delhi, akafika China, na mwaka 1352 akavuka Sahara kwenda kuiona Mali. Mtu mmoja aliona Kilwa na Mali kwa macho yake. Ukitafuta mwongozo wa kumtembeza mtoto wa miaka 13 katika dunia ya karne ile, sijui utapata nani mwingine.

Tukaanza kubana karatasi. Mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita Cairo akienda Maka, akagawa na kutumia dhahabu nyingi mpaka thamani yake ikashuka sokoni. Miaka 12 baadaye mwandishi al-Umari aliwakuta watu wa Cairo bado wanazungumzia ujio ule. Mwaka 1325, kwa mapokeo ya Waazteki, ndipo mji wao wa Tenochtitlan ulipoanzishwa, pale ilipo Mexico City leo. Mwaka huo huo Ibn Battuta anaaga Tangier, na Muhammad bin Tughluq anashika usultani wa Delhi. Mwaka 1331, Kilwa. Zimbabwe Kuu nayo ilikuwa katika neema yake.

Pima kwa rula: kutoka Mansa Musa mpaka Ibn Battuta kushuka Kilwa ni sentimita 7. Wanafunzi walikuwa wanasukumana kutafuta nafasi ya kubana karatasi zao. Yule kijana wa swali akatazama, akasema: "Kumbe walikuwa wote kwa wakati mmoja!" Kwenye vitabu vyetu Mali iko sura yake, Kilwa sura yake, Ulaya kitabu kingine. Mtoto hana namna ya kujua kwamba watu hawa waliishi chini ya jua moja.

Na Ulaya iko kwenye kamba hiyo hiyo. Mji wa Florence ulianza kufua sarafu yake ya dhahabu, florini, mwaka 1252, na Venice ikafuata na dukati mwaka 1284. Dhahabu ya Afrika ilikuwa inatafutwa pande zote, ya Mali ikipanda Sahara na ya kwetu ikipanda bahari. Sentimita 16 mbele ya Kilwa kuna mwaka 1347, tauni inaingia Sicily na Alexandria. Mwaka 1348 Ibn Battuta aliikuta Damascus, watu wa dini zote wanatoka kuomba pamoja. Katika miaka michache huenda theluthi hadi nusu ya watu wa Ulaya walikufa. Ukitaka mtoto aelewe neno "dunia", muulize: masoko ya Cairo yakijaa maiti, muuza pembe wa Kilwa anapata habari lini, na kwa njia gani?

Mbao au mawe?

Hapa ndipo kipindi kilipogeuka ubishi, na ubishi huo ndio historia yenyewe.

Ibn Battuta ameisifu Kilwa kwamba ni katika miji mizuri na iliyojengwa vyema. Lakini anasema nyumba zake zote ni za mbao, zimeezekwa kwa majani. Sasa nenda Kisiwani leo. Msikiti Mkuu ni wa mawe ya matumbawe, na ulikuwepo kabla yake. Husuni Kubwa, kasri la huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, nalo ni la mawe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale miaka ya 1960 akayaonyesha yote.

Nikawauliza: nani anasema uongo, kitabu au mawe?

Darasa likagawanyika. Kundi moja likasema mzee alisahau, kwani kitabu chake alikisimulia akiwa Fez na kukamilika mwaka 1355 hivi, zaidi ya miaka 20 baada ya safari. Kundi la pili likasema huenda mnakili ndiye aliyekosea. Kisha binti mmoja, mpole ambaye alikuwa haongei, akasema: "Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya miti na udongo. Alipokufa ikaanguka. Sasa hivi pale ni shamba la muhogo, ukipita huwezi kujua palikuwa na nyumba."

Nilitulia kwanza, kwa sababu mtoto huyu alikuwa ametuambia kitu ambacho wanaakiolojia wanakitilia mkazo sana siku hizi. Jiwe hubaki, boriti na udongo huoza. Ukitembea Kilwa leo unaona mji wa mawe kwa sababu mawe ndiyo yaliyosalia. Watu wengi wa mji huo, wavuvi, mafundi, wachukuzi, waliishi kwenye nyumba kama ya bibi yake. Basi inawezekana msafiri aliona sawa na mawe nayo yanasema sawa, ila kila mmoja anaonyesha upande wake.

Mazoezi ya namna hii hayahitaji maktaba. Yanahitaji vyanzo viwili visivyokubaliana na mwalimu mwenye subira ya kukaa kimya.

Ukurasa mgumu

Ningeweza kuishia hapo. Watoto walikuwa wanatembea vifua mbele: sisi tulikuwa Kilwa, sisi tulikuwa na kasri, sisi tulifua sarafu. Nami nilifurahi. Ila ningewadanganya kwa namna nyingine.

Ukurasa ule ule ambao Ibn Battuta anamsifu sultani una mambo mengine. Anasema sultani alipewa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Anasimulia jinsi fukara mmoja kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa, na sultani akampa. Kisha kwa kukamilisha ukarimu wake akaamuru fukara huyo aongezewe watumwa na pembe za ndovu. Na anasema sultani huyo alikuwa akifanya mashambulizi ya mara kwa mara kwenye nchi za Wazenji wasio Waislamu, anateka mali, na sehemu ya tano anaitenga kama dini ilivyoelekeza.

Nilisoma hayo taratibu. Darasa likawa kimya. Yule kijana akanyoosha mkono tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, sasa hapo sisi ni akina nani? Ni sultani, au ni wale waliotolewa zawadi?"

Ndugu msomaji, hili ndilo swali lenyewe, na ndilo linalonifanya niandike. Tunapofundisha historia ya zamani kwa watoto, tuna tamaa mbili. Ya kwanza ni ile niliyoanza nayo mimi: Ulaya ndiyo dunia, wewe nakili. Ya pili ni dawa tunayoikimbilia: sisi tulikuwa wakuu, jivune. Zote mbili zinamnyima mtoto kufikiri. Ya kwanza inamtoa kwenye historia. Ya pili inamwingiza, lakini kwa mlango wa kasri tu, na inawaacha nje wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kwenye hadithi ya ukarimu tunajua lakabu ya mtoaji na tunajua mwombaji alitoka Yemen. Waliotolewa hatujui hata jina moja.

Nilimjibu kwamba "sisi" ni wote wawili, na nikamweleza kwa nini sikuwa namkwepa. Tarehe za kale za Kilwa zinasema mji ulianzishwa na mwana wa mfalme kutoka Shiraz aliyekuja na ndugu zake kwa merikebu saba, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Kwa muda mrefu watu walibishana: wapo waliosema miji hii ilijengwa na wageni, wapo waliosema wageni ni hekaya tupu. Mwaka 2023, yaani baada ya kipindi kile, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya kale kutoka kwa watu 80, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na asili mbili. Nusu au zaidi ya vinasaba vyao ilitoka Afrika, hasa kupitia mama zao. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, na zaidi kupitia kina baba. Kuchanganyika huko kulianza kabla au karibu na mwaka 1000. Na lugha waliyozungumza watoto wa ndoa hizo ni hii ninayokuandikia, lugha ya mama zao wa Kibantu, yenye maneno ya baharini ndani yake.

Kwa hiyo mtu wa pwani wa karne ya 14 hakuwa mgeni wala hakuwa peke yake. Na mtu wa bara aliyetekwa naye ana wajukuu mahali fulani, pengine katika darasa lile lile, kwenye dawati moja na mjukuu wa nahodha. Kumwambia mtoto hivyo hakumvunji moyo. Wale wangu walikaa dakika chache wakitazamana, kisha wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi.

Dhahabu imeishia wapi

Mwisho wa kamba ni mwaka 1500, na pale tulifanya mchezo mdogo. Niliwataka wapange chakula cha sultani. Wakaandika ugali wa mahindi, muhogo, kachumbari ya nyanya na pilipili. Vyote hivyo nikavifuta. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili hizi kali asili yake ni Amerika, na vilianza kuvuka bahari baada ya mwaka 1492. Sultani wa Kilwa alikula mtama, wali na samaki, na hakuwahi kuonja ugali wa mahindi maishani mwake. Kelele zilizopigwa zilimleta mwalimu wa darasa la jirani. Lakini hawatasahau kwamba mwaka 1492 dunia mbili zilikutana, maana wanaila tofauti hiyo kila siku.

Kisha nikawaonyesha picha ya mwisho. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Wareno wakauteka mji. Dhahabu ya kodi ile mfalme Manuel wa Ureno aliitoa ifuliwe chombo cha ibada cha Kikatoliki, kikakamilika mwaka 1506. Kinaitwa Custódia de Belém, na mpaka leo kiko kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Ni chombo kizuri kwa kweli.

Mpe mtoto picha hiyo umwambie aifuate dhahabu kinyumenyume: Lisbon, Kilwa, Sofala, uwanda wa Zimbabwe, mikono ya mtu aliyekuwa anachekecha mchanga mtoni. Kila kituo kina swali lake, na kila swali lina kipande cha dunia ndani yake.

Kama una darasa, anza wiki hii. Kamba unayo, vizibo vya soda viko nje ya duka. Huhitaji Kilwa. Ukiwa Mambrui au Manda huko Kenya, una sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle iliyofukuliwa kwenye udongo wa hapo, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa China kwa mfalme huyo huyo. Ukiwa Karagwe, anza na nyarubanja, kisha mlinganishe yule mtwana wangu wa Ulaya na mpangaji wa Buhaya, muone wapi wanafanana na wapi hapana. Anza na kitu cha karibu, kipe mwaka, kitafutie wenzake kwenye kamba, na ukifika kwenye ukurasa mgumu usiruke.

Na mtoto akikuuliza wakati huo sisi tulikuwa wapi, usimwambie habari za mtihani. Mwambie akae, kisha mwanze pamoja kutafuta huyo "sisi" ni nani.